Silasi ni Nani?

Jumamosi iliyopita, msomaji, tulimwacha mwenyekiti Masatu mbele ya mkutano wa kijiji, ndoo ya kura za siri imefunguliwa na karatasi ya kwanza imekunjuliwa mkononi. Wengi wenu mlikwishaamua kwamba jina lililomo ni la Prudence. Mlikosea.

Masatu alisoma polepole, kama mtu anayeita mgeni.

"Silasi Wambura Wanzagi."

Akachukua ya pili. Silasi Wambura Wanzagi. Ya tatu ilimtaja mwizi wa kuku anayejulikana na kila mtu, ya nne ikarudi kwa Silasi. Mtendaji wa kijiji alikuwa akichora vijiti ubaoni, na ndoo ilipokwisha, Silasi alikuwa na vijiti mia moja na vinne.

Kijiji hicho kiko kata ya Mugeta, wilayani Bunda, na kura kama hiyo si jambo geni huko. Ng'ombe wakizidi kuibwa, kila kaya inachana karatasi kwenye daftari la mtoto, inaandika jina la mtu inayemshuku, inaitumbukiza ndoani. Mwenye kura nyingi anachukuliwa. Hakuna anayeulizwa kaandika nini. Safari hii hawakumtafuta mwizi wa ng'ombe. Walimtafuta mlima bhangi.

Basi kura mia moja na nne zilimtaja mtu mmoja, na kijiji kizima, chenye akina Wambura tele, kikawa kinaulizana Silasi huyo ni nani.

Mama mmoja wa mbele alisema labda ni yule fundi redio aliyehamia Murangi. Jirani yake akamjibu kwamba yule alishakufa, na hata alipokuwa hai alikuwa Mlokole. Watu wakacheka. Kijana mmoja, Kwangu, naye alicheka, akampiga mwenzake bega, kisha akanyamaza ghafla.

Prudence, dada yake, aliuona mdomo ule ulivyofumba.

Alikuwa amesimama nyuma peke yake, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimama karibu naye. Prudence ni mtakwimu. Kwa miezi minane alizunguka vijiji vya Bunda na Butiama kwa kazi ya kampuni ya Majani Mapya, kampuni inayotaka serikali iruhusu bhangi ya starehe, ilimwe na kuuzwa kwa leseni. Swali lake lilikuwa moja: bhangi ikiruhusiwa, uhalifu utapungua au utaongezeka? Kijijini swali hilo lilifupishwa. Walisema binti wa Wambura kapelekwa shule, amerudi na bhangi.

Silasi pekee aliyejulikana pale alikuwa mzee Silasi Mashimba, mshona viatu, mguu wake mmoja mbovu. Mgambo wawili walimfuata. Mzee akawaambia kwamba hata ugoro ulimshinda, na tena jina la baba yake si hilo lililosomwa. Walimwinua hivyo hivyo, fimbo yake ikaanguka.

"Mwacheni mzee," Kwangu akasema. "Silasi ni mimi."

Masatu alimtazama kama aliyemwona mara ya kwanza. "Tangu lini?"

"Tangu nibatizwe. Hakuna mtu ananiitaga hivyo." Akatoa kitambulisho cha taifa mfukoni, akakiweka mezani. Silasi Wambura Wanzagi. Picha ilikuwa yake.

Esther, mkewe, alikuwa kwenye kundi la wanawake, mtoto mgongoni. Alishika tu ncha za kitenge alichombebea.

Prudence alipita katikati ya watu mpaka mezani. Hakupaza sauti. Alimwuliza mwenyekiti inawezekanaje watu mia moja na wanne waandike jina ambalo hakuna hata mmoja wao anayelijua. Kisha akazitenga karatasi mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa la karatasi za madaftari, zenye mistari, zimechanwa kwa mkono na kingo zake hazikunyooka. Fungu la pili lilikuwa la karatasi nyeupe za mashine, zimekatwa kwa wembe, zote sawa kwa upana. Majina yote ya Silasi yalikuwa kwenye fungu la pili.

"Kijiji hiki kina kaya mia moja themanini na nane," alisema. "Hapa kuna kura mia mbili tisini na mbili. Ukiondoa hizi nyeupe, zinabaki mia moja themanini na nane."

Kwa sekunde chache hesabu ile ilielekea kushinda. Masatu akayafunika mafungu ya karatasi kwa viganja.

"Dada, ulikuja kutuhesabia wezi. Leo unatuhesabia karatasi. Kura ni siri, na siri haihojiwi."

"Anamtetea mdogo wake," sauti ikatoka nyuma.

"Mwache. Bhangi ikipita si ndiyo atakuwa waziri wa moshi."

Kicheko kile hakikuwa cha furaha. Prudence aliiingiza karatasi moja nyeupe kwenye mkoba na kuondoka mezani.

Polisi waliokuja kutoka Bunda walikwenda shambani na mgambo. Katikati ya mihogo, nyuma ya kaya tatu zinazopakana, miji kama wanavyoziita huko, walikuta mashina mabichi ya bhangi, wakayakata na kuyabeba. Wenye miji yote mitatu, Kwangu mmojawapo, walisema kipande kile si chao. Ushahidi wa nani kapanda haukuwepo. Hata hivyo walimchukua Kwangu, kwa sababu mtu lazima achukuliwe.

Sheria kwa mlima bhangi ni kali. Anaweza kufungwa miaka thelathini. Kwangu ana miaka thelathini na mmoja.

Kabla hajapandishwa kwenye gari alimwambia dada yake maneno machache.

"Hilo jina nimelionyesha kwa watu wawili tu. Wewe, na yule wa kusajili laini ya simu." Akatabasamu kidogo, tabasamu baya. "Na yule wa laini hakuniuliza habari za shamba."

Hapo Prudence alijua. Hakuhitaji kuthibitisha, ingawa ni mtu wa kuthibitisha kila kitu.

Katika utafiti wake aliwahoji wakulima thelathini na wawili wa bhangi. Aliwaahidi kwamba hakuna atakayesoma walichosema. Na kwa kuwa hakutaka watu wawili wachanganywe kwenye takwimu, aliandika majina yao matatu, kama yalivyo kwenye vitambulisho. Lilikuwa kosa la mtu makini. Fomu zote thelathini na mbili zilifungwa kwa lakiri kabatini, kwenye ofisi ya kampuni, mtaa wa Kitaji, Musoma.

Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa Kitaji.

Baltazari, meneja wa kampuni, hakujisumbua kuficha kitu. Fomu zilikuwa mezani kwake, lakiri imevunjwa. Alimkaribisha kiti, akamwita madamu, akamwuliza habari za nyumbani.

"Umewapa watu wangapi hizi?" Prudence akauliza.

"Bado hakuna. Kura za Mugeta zilihitaji jina moja tu, na mtu mmoja wa kuzitumbukiza ndooni."

"Kwa nini la mdogo wangu?"

"Ukoo unafanana na wako. Nilijua utakuja haraka."

Alichotaka kilikuwa sentensi moja. Siku ya Alhamisi kamati ya kukusanya maoni kuhusu sheria ya bhangi ingeketi Butiama, na Prudence angesoma ripoti yake. Baltazari alitaka isomeke kwamba bhangi ikiruhusiwa, uhalifu utapungua kwa asilimia arobaini.

Msomaji anapaswa kujua arobaini hiyo ilitoka wapi. Prudence alipitia kumbukumbu za kesi za vijiji vinane. Katika kila kesi mia, arobaini zilikuwa za bhangi yenyewe: kukutwa nayo, kuivuta, kuipanda. Ukibadilisha sheria leo, kesho hizo arobaini hazipo, na hakuna mtu hata mmoja aliyebadilisha tabia. Sitini zinazobaki ni wizi wa ng'ombe, majeraha ya panga na nyumba kuvunjwa. Alitazama vijiji ambako polisi walikwishaacha kuisaka bhangi, akatafuta kama zile sitini zimeshuka au zimepanda. Hakuona badiliko ambalo angeliapia. Alisoma pia tafiti za nchi zilizotangulia kuruhusu, akakuta watafiti wao wenyewe wanabishana. Aliandika hivyo. Ripoti yake haikumfurahisha mtu yeyote wa upande wowote.

"Uhalifu haupungui," alimwambia Baltazari. "Mnafuta makosa kwenye kitabu."

"Mwananchi wa kawaida anajua tofauti?"

"Aliyeibiwa ng'ombe anajua."

Baltazari alicheka kwa dhati. Alikuwa mtu wa kupenda jibu zuri hata likiwa linampiga yeye. Akaeleza bila haraka kwamba leseni haitatolewa kwa kila mwenye jembe. Itakuwa moja kwa eneo zima, na kampuni itaichukua. Wale thelathini na wawili wa Prudence watabaki wanalima bila leseni, na polisi watawafuata kama wanavyowafuata sasa, tena kwa bidii zaidi.

"Kwa hiyo hata ile arobaini haitapungua yote," Prudence akasema.

"Na hilo usiliandike."

Akamsogezea ripoti mpya, imechapwa tayari, mahali pa sahihi pameachwa wazi. Akisoma hiyo Alhamisi, fomu ya Silasi itachomwa mbele yake. Asipoisoma, fomu itafika polisi siku hiyo hiyo, na zile thelathini na moja zitafuata, kijiji baada ya kijiji. Vijiji vyenye ndoo ni vingi, alisema.

Prudence aliichukua ile ripoti, akaikunja, akaiweka mkobani pamoja na ya kwake. Baltazari alidhani amekubali. Alimsindikiza mpaka mlangoni.

Hakuwa amekubali. Njia nzima ya kurudi Bunda alikuwa akipanga hoja, moja juu ya nyingine. Fomu zilikuwa mali ya siri mikononi mwa kampuni. Jina la Silasi halikujulikana kijijini. Karatasi zilikuwa za mashine ya ofisi. Akiyasema haya mbele ya kamati, Baltazari hatathubutu kuitoa fomu, kwa sababu kuitoa ni kukiri kwamba kura zilitoka kwake. Fomu isipotolewa, polisi hawana kitu juu ya Kwangu isipokuwa kura za uongo na mashina yasiyo na mwenyewe.

Jumanne alikwenda kituoni kumwona mdogo wake. Hawakumruhusu. Askari wa zamu alimwonyesha tu karatasi ya vielelezo, aisome aondoke.

Alhamisi ukumbi wa Butiama ulijaa kabla ya saa nne. Upande wa kulia walikaa wazee na akina mama wa parokia, waliokuja kuipinga bhangi. Kushoto vijana waliovaa fulana za kampuni, waliokuja kuishangilia. Masatu alikuwepo na watu wake kutoka Mugeta, na Esther kati yao, mtoto mgongoni. Mlangoni alisimama mkaguzi wa polisi aliyekwenda shambani siku ile ya kura. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi. Gloria, wakili mstaafu, mwanamke ambaye miwani yake ilikuwa inaogopwa kuliko sauti yake.

Prudence aliapishwa. Akatoa ripoti yake mwenyewe, siyo ile ya Baltazari, na akaisoma.

Alipofika kwenye arobaini, upande wa kulia ulimzomea. Alipofika kwenye sitini, upande wa kushoto ukamzomea. Mzee mmoja alimwuliza kwa sauti kama serikali ilimsomesha ili aje kusema hajui. Prudence akamjibu kwamba ndiyo, wakati mwingine ndiyo kazi yenyewe, na akaendelea.

Kisha akaweka ripoti chini. Akaeleza kura za Mugeta. Akanyanyua karatasi nyeupe. Akasema jina lililoandikwa humo liliibwa kutoka kwenye fomu zake, katika ofisi ya kampuni iliyomwajiri, na aliyeliiba amekaa safu ya kwanza.

Vichwa viligeukia safu ya kwanza. Masatu alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama viganja vyake.

Bi. Gloria akamgeukia Baltazari.

Baltazari alisimama akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, dada huyu ana uchungu na ndugu yake, namwelewa. Kampuni haijui kura zozote. Lakini tulipoona mtafiti wetu amehoji wahalifu na kuwaficha, tuliona ni wajibu wetu kufungua fomu hizo. Nimeileta moja. Ya Silasi."

Akaiweka mezani pa kamati.

Hivyo ndivyo hoja ya Prudence ilivyoanguka. Alikuwa amehesabu kwamba mwizi ataficha alichoiba. Hakuhesabu kwamba mwizi anaweza kuitwa raia mwema.

Mkaguzi alitoka mlangoni, akasogea mbele. Bi. Gloria aliisoma fomu ukurasa hadi ukurasa, kisha akamwuliza Prudence kama mwandiko ni wake. Ulikuwa wake. Akamwuliza kama aliyehojiwa alisema shamba lile lina bhangi. Prudence alikuwa chini ya kiapo. Akasema ndiyo.

"Basi mwenye shamba ni Silasi Wambura Wanzagi," Bi. Gloria akasema, na kalamu ikaanza kuandika.

"Si yeye."

Esther alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ya chini, watu wa nyuma walilazimika kuulizana kasema nini.

"Hilo shamba ni langu mimi. Yeye alijibu kwa sababu ndiye mwenye mji. Wifi yangu alipokuja alisema anamtaka mwenye mji, akapewa mwenye mji. Hakuna mtu aliniuliza mimi."

Masatu akamwambia akae, asijitie kwenye mambo. Hakukaa.

Prudence aliishusha ile karatasi nyeupe mezani. Aliikumbuka siku ile, yeye na Kwangu wamekaa kwenye viti barazani, fomu gotini, na Esther anapita na jembe akitoka mihogoni, anasalimia, anakwenda jikoni. Akakumbuka mji uliofuata, na uliofuata. Miji thelathini na miwili, na kote aliomba kuongea na mwenye mji. Wanaume thelathini na wawili walimweleza wangefanya nini sheria ikibadilika. Kama mashamba yalikuwa ya wake zao, basi miezi minane ya kazi yake haikuwa na thamani ya karatasi ilizoandikiwa.

Lakini je, ilikuwa kweli? Mke anaweza kusema lolote ili mumewe atoke. Ukumbi ulikuwa tayari unanong'ona hivyo. Vijana wa fulana walicheka, mmoja akasema mapenzi ya Mugeta yana moshi.

Prudence alikuwa na njia moja ya kujua. Juzi kituoni, kwenye karatasi ya vielelezo, aliona idadi ya mashina. Haikuwa imesomwa mahali popote. Aliijua yeye na polisi, na mtu aliyeyapanda.

Hakufikiri zaidi ya hapo. Maisha yake yote, palipokuwa na madai, aliyapima.

"Wifi," akauliza, "ulipanda mashina mangapi?"

Esther hakusita. "Hamsini. Manne yaliliwa na mbuzi wa jirani. Yalibakia arobaini na sita."

Mkaguzi alichomoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Akaitazama. Akaikunja tena taratibu, akairudisha mfukoni, akaanza kutembea kuelekea safu ya Esther, na watu wakavuta magoti kumpisha.

Wakati huo tu ndipo Prudence alipoelewa alichouliza.

Alijaribu kusema kitu. Bi. Gloria alikuwa ameinua kiganja kumnyamazisha. Baltazari alitazama mbele, uso wake hauna lolote.

Mkaguzi alifika. Hakumshika Esther mkono. Alimwuliza kwa upole, kama anayeuliza njia, mtoto atamwacha na nani.

Esther akafungua fundo la kitenge, akamtoa mtoto mgongoni, akamtazama Prudence kule mbele.

"Na huyo aliyeuliza."